SOMO LA MWEZI: Kwa Nini Kwaya Haijisikii? Kupanga Monita na Kiasi cha Sauti Kwenye Mikisa



Katika toleo hili tumepewa nafasi sisi wa kikundi cha vyombo, yaani wale mnaotuona kila Jumapili tumejikunja nyuma ya meza yenye waya nyingi. Tumezoea kutajwa pale tu kitu kinapopiga kelele. Leo tunataka kueleza kazi yenyewe, ili waimbaji waielewe na vijana wanaotaka kujifunza wapate pa kuanzia. Lakini kabla ya kueleza tuna jambo la kukiri.

Wengi mnaikumbuka ile Jumapili ambayo baada ya mahubiri lilisomwa tangazo la uhakiki wa kadi za familia. Msomaji alisema Jumatatu. Mkalimani wetu, aliyekuwa akitafsiri kwa Kinyarwanda, alisikia Jumatano, naye akatamka Jumatano kwa sauti nzuri kabisa. Matokeo yake familia kadhaa, wengi wao akina mama wazee wasiosikia Kiswahili, walifika siku mbili baada ya zamu yao kupita, wakaambiwa wangoje siku za nyongeza, wakapanga foleni upya. Mkalimani alilaumiwa wiki nzima. Wapo waliosema hajui Kiswahili, na wapo waliosema mabaya zaidi ambayo hatutayaandika hapa. Sisi tulikaa kimya.

Ukweli ni kwamba ndugu yule alikuwa amesimama nyuma ya spika kubwa, bila monita, jenereta ikinguruma nje ya dirisha. Alichokuwa akikisikia ni mwangwi uliogonga ukuta wa nyuma na mabati ukarudi kwake umechelewa na kuchafuka. Jumatatu na Jumatano zinatofautiana silabi moja tu, tena ya mwisho. Kosa halikuwa la masikio yake wala la Kiswahili chake. Lilikuwa la meza yetu, na tumemwomba radhi mbele ya wazee. Hapa tunaomba radhi na kwenu.

SAUTI MBILI, KAZI MBILI

Watu wengi wanadhani mikisa ni chombo cha kuongeza na kupunguza sauti, basi. Kumbe kwa wakati mmoja inapika vyungu viwili. Chungu cha kwanza ni sauti ya washarika, inayotoka kwenye spika kubwa zinazowatazama ninyi mlioketi. Chungu cha pili ni monita, zile spika ndogo zilizolazwa chini zikiwatazama waimbaji na wapigaji. Mahitaji yao hayafanani. Msharika anataka kusikia maneno ya wimbo na vyombo vyote kwa uwiano. Mwimbaji wa sauti ya tatu hahitaji vyote hivyo. Anahitaji kusikia kinanda apate ufunguo, na kujisikia mwenyewe ajue kama amepotea.

Spika kubwa zikiwa mbele ya mimbari, aliyesimama nyuma yake hasikii maneno vizuri. Sauti nzito za besi huzunguka spika na kumfikia, lakini sauti nyembamba zinazobeba herufi kama t, s na k huenda mbele kwa washarika. Ndiyo maana mwimbaji analalamika kwamba hasikii kitu huku mama aliyeketi mstari wa kwanza ameziba masikio. Wote wawili wanasema kweli.

Bendi ya Beatles ilipopiga katika uwanja wa Shea, New York, mwezi wa Agosti 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, haikuwa na monita, na wapigaji hawakuweza kujisikia kwa makelele. Kwa hiyo tatizo hili halikuanzia hapa Nakivale, wala si la maskini peke yao.

MAJI NA BOMBA

Sasa tufuate safari ya sauti ndani ya mikisa, maana asiyeijua safari hii atazungusha vitufe mpaka jioni.

Fikirieni tangi la maji la kijiji. Kwenye tangi kuna valvu kubwa. Chini yake bomba linagawanyika: tawi moja linakwenda kwenye kituo cha kuchotea maji, jingine linakwenda zahanati. Kila tawi lina bomba lake la kufungua na kufunga. Ukifungua bomba la kituoni, zahanati haiongezewi maji. Lakini ukigusa valvu ya tangini, wote wawili wanajua.

Chaneli moja ya mikisa iko hivyo hivyo. Kitufe cha juu kabisa kilichoandikwa GAIN, tunachokiita geni, ndicho valvu ya tangini. Kitelezi cha chini, yaani feda, ni bomba linalopeleka sauti kwa washarika. Kitufe cha katikati kilichoandikwa AUX, au MON kwenye mikisa yenye ampli ndani yake, ni bomba linalopeleka sauti kwenye monita. Kwenye mikisa nyingi ndogo hata vile vitufe vya kupunguza besi na kuongeza wembamba vinagusa matawi yote mawili.

Kutokana na hilo inakuja kanuni ambayo tuliivunja kwa miaka bila kujua: ibada ikishaanza, usiguse geni. Tulikuwa tukiona mwimbaji hasikiki vizuri kwa washarika, tunapandisha geni yake. Papo hapo monita yake inapanda, inapanda na kwa wenzake wanaoshirikiana naye monita hiyo, maiki inaanza kupiga mluzi, tunaogopa, tunashusha geni, mwimbaji anapotea tena. Mwalimu wa kwaya anatutazama kwa jicho lile. Kumbe feda peke yake ingetosha.

Kuna tahadhari moja hapa. Oksi ziko za aina mbili. Ile iliyoandikwa PRE inachukua sauti kabla ya feda, kwa hiyo ukisogeza feda monita haitikisiki. Ile iliyoandikwa POST inachukua baada ya feda, na kila unachowafanyia washarika kinawafikia waimbaji pia. Monita zitumie PRE. Hiyo POST ni ya mwangwi wa kutengeneza, ule mnaopenda sana kwenye nyimbo za maombolezo. Kwenye mikisa yetu ya zamani kuna kitufe kidogo cha kubonyeza kinachobadilisha moja kuwa nyingine, nasi tulikikuta kimebonyezwa upande usiofaa, pengine tangu siku iliponunuliwa.

VITA VYA KUPANDISHANA

Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, aliandika kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Anayetaka kuhakikisha aende sokoni siku ya mnada. Jukwaani jambo hili ni kali zaidi kwa sababu kila mtu ana kitufe chake. Gitaa la solo halijisikii, linapandisha ampli yake. Besi inafuata. Mpiga dramu, ambaye hana kitufe, anapiga kwa nguvu zaidi. Waimbaji wanakaza koo. Inapofika sebene hakuna tena anayemsikia mwenzake, na sisi mezani tumeshusha feda zote za vyombo hadi chini, lakini kelele iko pale pale, kwa sababu haipiti kwetu. Inatoka moja kwa moja kwenye ampli za jukwaani na kwenye ngozi za dramu.

Akina mama wa kwaya wamekuwa wakitoka Jumapili wakiwa wamekauka sauti mpaka Jumanne. Tulikuwa tunadhani ni vumbi.

Mwimbaji akituambia "niongezee", zamani tulikuwa tunaongeza. Siku hizi tunamuuliza kwanza: "Mama, ni kitu gani kinakufunika?" Mara nyingi atasema gitaa, au atasema kinanda. Basi tunapunguza hicho kwenye monita yake, au tunamwomba kaka wa gitaa ageuze ampli yake imtazame yeye mwenyewe masikioni badala ya kuitazama migongo ya waimbaji. Mama anajisikia na hatujaongeza chochote. Wapigaji wa solo wasikasirike. Tunawapenda, na sebene bila ninyi si sebene. Lakini ampli iliyo sakafuni inayapiga magoti yenu na masikio ya wengine. Iinueni juu ya kiti au sanduku, mtashangaa wenyewe mnavyoishusha.

UTARATIBU WA ASUBUHI

Tunafika saa moja. Kabla ya umeme, feda zote chini na oksi zote zimefungwa. Tunawasha mikisa kwanza na ampli mwisho. Wakati wa kufunga, ampli inazimwa kwanza na mikisa mwisho. Asiyefuata hilo atasikia ule mshindo mkubwa kwenye spika, na siku moja mshindo huo utaondoka na koili ya spika.

Kazi ya kwanza ni geni. Mwimbaji anasimama kwenye maiki, midomo iwe karibu, vidole viwili au vitatu tu, anaimba. Tunasisitiza anaimba. Zile "halo halo, moja mbili" hazitusaidii, kwa sababu hakuna anayeimba kwa sauti hiyo. Aimbe pale palipo na nguvu katika wimbo wake. Tunabonyeza kitufe cha PFL cha chaneli hiyo, tunazungusha geni mpaka taa za kipimo zicheze kwenye sifuri, zikiipita kidogo kwa kuruka lakini taa nyekundu isiwake. Mikisa isiyo na PFL, pandisha mpaka taa nyekundu imulike kidogo kwenye sauti ya juu kabisa, kisha rudisha nyuma kiasi. Hata hivyo acheni nafasi, kwa kuwa kila mwimbaji aliyejaribu kwa upole saa moja asubuhi ataimba kwa moto saa nne, kanisa likiwa limejaa.

Kwenye maiki zote za sauti tunabonyeza kitufe kinachokata besi, kile kilichoandikwa 80 au 100 na kamstari kaliolala. Sauti ya mtu haipotezi kitu. Inayopotea ni miguno ya jukwaa, upepo na vishindo vya miguu. Besi, ngoma kubwa ya dramu na kinanda tunaviacha.

Kazi ya pili ni monita, na hapa wengi hugeuza utaratibu. Wanaweka spika kubwa kwanza, kanisa linatikisika, kisha wanatafuta monita ipenye katikati ya kelele hiyo. Sisi tunaziacha spika kubwa zimezimwa kabisa. Tunaanza na sauti za waimbaji peke yake kwenye monita yao. Wakijisikia, tunaongeza kinanda kidogo. Hapo tunasimama. Dramu haihitajiki kwenye monita ya waimbaji, iko mita tatu kutoka kwao! Gitaa nalo kwa kawaida halihitajiki. Monita iliyojazwa kila kitu ni sawa na kutokuwa nayo.

Kazi ya tatu ndiyo spika kubwa, na mara nyingi tunagundua kwamba hatuhitaji kuzipandisha kama zamani.

MLUZI

Ndugu zetu wa Kongo wanauita larseni, jina lililopitia Kifaransa kutoka kwa mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen. Sababu yake ni rahisi: sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka, inaingia. Mzunguko huo ukipata nguvu, unapiga kelele wenyewe.

Dawa ya kwanza ni mahali pa kuweka vitu. Maiki nyingi za kuimbia, mfano Shure SM58 inayojulikana sana, haisikii vizuri kwa nyuma, upande waya unapotokea. Basi monita iwekwe hapo, mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Ziko maiki nyingine, kama Beta 58A, ambazo zimeziba zaidi kwa pembeni za nyuma kuliko nyuma kabisa. Hizo monita iwe upande kidogo wa kushoto au wa kulia. Maiki yoyote, isipelekwe mbele ya spika kubwa. Hapa tunawaomba wahubiri wetu wanaopenda kushuka na kutembea katikati ya watu: roho yenu tunaielewa, ila mkivuka mstari wa spika tunalazimika kuwashusha sauti, nanyi mnadhani tumewakatisha.

Dawa ya pili iko mkononi mwa mwimbaji. Ukikiziba kile kichwa cha chuma kwa kiganja, kama wafanyavyo wanamuziki kwenye video, maiki inapoteza ule uziwi wake wa nyuma, inasikia pande zote, monita inaingia ndani. Shika mwili wa maiki, acha kichwa wazi. Pia usogee. Aliye sentimita 20 kutoka kwenye maiki akija sentimita 10, sauti inayoingia inaongezeka kama desibeli 6, bila sisi kugusa chochote na bila hatari ya mluzi.

Dawa ya tatu wengi hawaijui. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, tunapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Kutoka maiki 1 hadi 8 tunapoteza 9. Kwa hiyo kwaya ikimaliza, maiki zake zote tunazifunga, na mhubiri anabaki na yake. Akisikika wazi kuliko kwaya, msidhani tunampendelea.

Ikiwa vyote vimefanyika na mluzi bado upo, ndipo tunagusa vitufe vya rangi ya sauti. Mluzi mwembamba wa kuchoma masikio uko mara nyingi kati ya hezi 2,000 na 4,000; ule unaolia "uuu" kama ng'ombe uko chini, 250 hadi 500. Tunapunguza hapo kidogo, desibeli 3 au 6. Anayekata kila mahali mwisho anabaki na sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi.

KIASI GANI KINATOSHA?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi, na hata sisi wenyewe tumegawanyika. Baadhi ya vijana wetu wanaamini kwamba sifa bila kutikisika kifua si sifa. Wazee wanaamini tunawaua. Tuangalie tarakimu kidogo.

Masikio ya mtu mzima yanahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, kwa kanuni zinazotumika kulinda wafanyakazi. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15 zozote. Ibada yetu ina saa nne. Programu za simu za kupima sauti si kamili, lakini zinatosha kujua kama tuko 85 au 100. Tulipima siku moja mbele kabisa, pale wanapoketi watoto wa shule ya Jumapili, wakati wa sebene. Tulikuta 102. Jumapili iliyofuata tulihamisha benchi za watoto, kisha tukainua spika kubwa juu ya stendi zipite juu ya vichwa vya mstari wa kwanza na kuwafikia wa nyuma.

Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Ndani ya kanisa la mabati haishuki kiasi hicho, kwa sababu kuta na paa vinairudisha. Na hiyo inayorudishwa ndiyo inayochafua maneno. Kwa hiyo wa nyuma asiposikia neno, mara nyingi hakosi sauti, anakosa usafi. Kuongeza kunaongeza mwangwi pia. Tena kuna gharama: kuongeza desibeli 3 kunadai ampli nguvu mara mbili, na desibeli 10, ambazo sikio linazihesabu kama mara mbili tu, zinadai nguvu mara kumi. Mwenye kununua mafuta ya jenereta anaelewa tunachosema.

Mvua ikipiga mabati, acheni. Hakuna mikisa inayoshindana na mvua. Mwimbisheni wimbo mnaoujua wote, mhubiri asubiri.

Jambo jingine, meza yetu ilikuwa pembeni ya mimbari kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Aliyekaa hapo hasikii wanachosikia washarika, anabahatisha tu. Mpaka waya mrefu utakapopatikana, mmoja wetu anatembea hadi mlangoni kila kwaya inapobadilika, anatuonyesha kwa mkono. Mkiona kijana anazurura wakati wa ibada, msimkemee.

KWAYA TANO, JUMAPILI MOJA

Kwaya zetu hazifanani. Kwaya ya akina mama ina sauti tupu na ngoma moja. Ya vijana ina magitaa matatu. Zamani tulipanga upya kila kwaya ilipopanda, na wimbo wa kwanza wa kila kwaya ulikuwa wa majaribio mbele ya Mungu na watu. Sasa kila kwaya ina karatasi yake. Tumechora duara kwa kila kitufe na mshale unaoonyesha kilipoelekea, juu tumeandika jina la kwaya. Chini ya feda tumebandika utepe wa karatasi wenye majina ya chaneli. Simu yenye kamera inafanya kazi hiyo kwa picha moja, lakini karatasi haiishiwi chaji.

Mwimbaji akitaka kitu katikati ya wimbo asituite kwa maiki. Aonyeshe kwa kidole anachokitaka, koo lake au kinanda, kisha kidole juu au chini. Tutamwona.

MKALIMANI

Tumemwacha mwisho kwa sababu tulimsahau miaka yote, na yeye ndiye aliyetufundisha somo hili. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anaweka tarumbeta na ukalimani katika sura moja, akisema habari za sauti isiyoeleweka. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi bila kufikiria waya zetu.

Mkalimani hahitaji muziki. Hahitaji hata kujisikia sana. Anachohitaji ni sauti ya msemaji, kavu, bila mwangwi wa kutengeneza, karibu na sikio lake. Tumempa monita ndogo peke yake kwenye oksi ya pili. Ndani yake kuna chaneli moja tu, maiki ya msemaji. Yake mwenyewe imefungwa kabisa, hivyo monita hiyo haina njia ya kulia kupitia maiki yake. Anasimama mita moja na nusu pembeni ya msemaji, mstari mmoja naye, nyuma kidogo ya spika kubwa lakini si mgongoni mwake. Maiki yake na ya msemaji tunaziweka kiwango kimoja kwa washarika, maana tulikuwa na tabia ya kumweka mkalimani chini, kama mtu wa pili. Wanaomsikiliza yeye hawana wa kwanza mwingine. Jenereta imehamishiwa nyuma ya choo kwa waya wa mita 40.

Na matangazo ya tarehe, siku na saa, tumeomba yasomwe mara mbili, mkalimani ayarudie kwa msomaji kwa Kiswahili kabla ya kuyatafsiri.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, tutafungua meza kwa kila anayetaka kujifunza: waimbaji, wapigaji, hata wazee. Walimu wa kwaya waje na orodha ya wanachotaka kusikia kwenye monita zao. Mkalimani amekubali kuja. Tutamsimamisha mahali pa siku ile, kwanza bila monita, kisha nayo, na mtu atamsomea majina ya siku zote saba yakiwa yamechanganywa, nanyi mtahesabu. Mafuta ya jenereta yapo ya saa mbili tu, kwa hiyo tafadhali msichelewe.

Ndimi ndugu zenu wa kikundi cha vyombo.